Kabla Hamjasaini Barua ya Onyo: Barua ya Wazi kwa Waajiri na Wasimamizi wa Kazi

Waheshimiwa waajiri, mameneja, maofisa utumishi, na ninyi wasimamizi wa zamu,

Niende moja kwa moja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika kila ofisi niliyopata kufanya kazi ya utumishi, palikuwa na jalada la mtu mmoja lililonenepa kuliko mengine. Mwenye jalada hakuwa mwizi, wala mlevi, wala mtoro. Alikuwa msahaulifu. Amesahau kufunga stoo. Amesahau kupeleka hundi benki kabla haijafungwa. Amesahau kumpigia mteja kumwambia mzigo wake umefika. Amesahau kuagiza karatasi za mashine ya risiti ya EFD mpaka zikaisha Jumamosi mchana, foleni ikiwa imefika mlangoni. Kila kosa lina barua yake ya kumtaka ajieleze, na kila maelezo yanaishia na ahadi ileile: sitarudia. Kisha anarudia.

Ninachodai ni hiki. Sehemu kubwa ya usahaulifu mnaouadhibu mmeutengeneza wenyewe, kwa jinsi mnavyogawa kazi na mnavyotoa maagizo, na sijaona barua ya onyo iliyomwongezea mtu kumbukumbu. Upo usahaulifu ambao ni wa mtu mwenyewe, na nitaufikia. Ila sio wa kuanzia.

Nianze na meli. Jioni ya tarehe 6 Machi 1987, meli ya Uingereza ya kubeba abiria na magari, Herald of Free Enterprise, iliondoka bandari ya Zeebrugge nchini Ubelgiji kwenda Dover. Milango ya omo, ile mikubwa inayopitisha magari, ilikuwa wazi. Maji yakaingia kwenye sitaha ya magari, na dakika chache baada ya kutoka bandarini meli ikalala ubavu. Watu 193 walikufa. Aliyetakiwa kufunga milango ni msaidizi wa serahangi, yaani wa msimamizi wa mabaharia. Alikuwa amelala chumbani kwake, na tangazo la kuwaita mabaharia kwenye vituo vyao halikumwamsha.

Habari ingekomea hapo, wengi wenu mngejua la kufanya: barua, kikao cha nidhamu, mlango. Lakini uchunguzi ulioongozwa na Jaji Barry Sheen ulipanda ngazi moja moja hadi juu. Ofisa aliyepaswa kuhakikisha milango imefungwa alitakiwa wakati huohuo awe kwenye chumba cha kuongozea meli. Alipodhani amemwona mhusika anakuja, akaondoka. Serahangi mwenyewe alikuwa karibu na milango hiyo, ila kuifunga hakukuwa sehemu ya kazi yake, akaenda zake. Nahodha hakuwa na namna ya kuiona milango akiwa juu. Utaratibu uliokuwapo ni kwamba asipoambiwa kuna tatizo, ahesabu hakuna tatizo. Tena mwaka 1983 meli pacha ya kampuni hiyohiyo ilikwisha kuondoka Dover milango ikiwa wazi, kwa sababu ileile ya mtu kulala usingizi. Manahodha walikuwa wameomba wawekewe taa za kuonyesha kama milango imefungwa, na ofisini ombi lao likajibiwa kwa kejeli. Baada ya maafa, meli zilizobaki zilifungwa taa hizo katika muda wa siku chache.

Someni habari hiyo kama mameneja, msiisome kama abiria. Aliyelala alikosa, na hakuna anayebisha. Lakini kampuni iliyoacha maisha ya mamia ya watu yategemee mtu mmoja asipitiwe na usingizi, ikakataa kununua taa, ilikuwa imekwisha kukosa kabla yeye hajapanda kitandani. Sasa nawauliza: ni wangapi kati yenu mnaendesha idara zenu kwa utaratibu uleule wa "nisiposikia kitu, mambo ni shwari"?

Sisi pwani tunasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Shida ni kwamba kwenye ofisi nyingi tunayaganga yajayo kwa kutumia mdomo tu. Bosi anatoka kwenye kikao, simu sikioni, anakutana na karani koridoni: "Ee bwana, yule mzabuni umjibu leo, ile ankara ya maji ilipwe, mwambie dereva gari liende gereji, halafu nitafutie lile faili la Mwanza, na kesho uje na taarifa ya mauzo. Usisahau." Anaingia lifti. Karani ameachiwa mambo matano, hana kalamu, na alikuwa njiani kupeleka jambo la sita.

Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba akili ya mtu hushika kwa mara moja vitu kama saba hivi. Mwaka 2001 mwenzake, Nelson Cowan, alipitia ushahidi upya akashusha hesabu hiyo hadi karibu vinne. Huo ni uwezo wa kichwa cha kawaida, cha daktari na cha mhudumu, chako bosi na cha karani wako. Tofauti ni kwamba wewe una katibu muhtasi wa kukukumbusha, naye hana. Wewe ukisahau, ofisi nzima inasema mzee ana mambo mengi.

Kuna jambo jingine ambalo wasimamizi wengi hawalitofautishi. Kukumbuka habari ni kazi moja, na kukumbuka kutenda jambo wakati wake ukifika ni kazi nyingine kabisa. Mwulize mhudumu wa kaunta saa nne asubuhi nani anazima jenereta usiku, atajibu bila kufikiri: mimi. Habari anayo. Kilichokosekana jana usiku, wakati anafunga hesabu na mteja wa mwisho anagonga mlango, ni kitu cha kumgutusha dakika ileile. Ndiyo maana "usisahau" ni agizo tupu. Halimwambii mtu lini, wapi, wala baada ya nini. Mwanasaikolojia wa Kijerumani, Peter Gollwitzer, ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba mtu anayefunga nia yake kwenye tukio maalumu hutimiza zaidi kuliko anayebaki na nia peke yake. Kwa lugha ya kazini: acha kusema "usisahau kuzima jenereta." Sema "ukishafunga droo ya fedha, kabla hujampa mlinzi funguo, zima jenereta." Funguo zenyewe ndizo zitakazomkumbusha, maana hawezi kwenda nyumbani nazo.

Hapa ndipo mashine zimetutangulia kwa akili. Ukienda kwenye mashine nyingi za ATM leo, kadi inatoka kwanza ndipo fedha zifuate. Zilipokuwa zinatoa fedha kwanza, watu walikuwa wakichukua noti na kuiacha kadi, kwa sababu shida iliyowaleta ilikuwa imekwisha. Hakuna benki iliyotatua tatizo hilo kwa kuwaandikia wateja barua ya onyo. Waligeuza mpangilio.

Wajapani walifanya vivyo hivyo viwandani. Mwaka 1961 mhandisi Shigeo Shingo aliitwa kwenye kiwanda cha Yamada Electric. Wafanyakazi walikuwa wanaunganisha swichi ndogo ya vitufe viwili, kila kitufe kikiwa na springi chini yake, na mara kwa mara swichi ilifika kwa mteja springi moja haimo. Wasimamizi walikuwa wamekwisha kukemea na kuhimiza uangalifu. Shingo akaleta kisahani. Kabla ya kuanza kila swichi, mfanyakazi achukue springi mbili aziweke kwenye kisahani. Akimaliza, kisahani kikiwa na springi imebaki, anajua palepale amesahau. Gharama yake ni bei ya kisahani. Ningetamani kila msimamizi wa stoo, wa jiko la hoteli na wa kituo cha mafuta ajiulize kisahani chake ni kipi.

Nihamie kwenye kukatizwa, maana hili limezidi tangu simu ziingie mikononi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulifuatilia wauguzi 98 katika hospitali mbili za Sydney, Australia, wakiandaa na kutoa dawa. Kadiri muuguzi alivyokatizwa mara nyingi wakati wa kazi hiyo, ndivyo makosa yalivyoongezeka: kila mara alipokatizwa, makosa ya utaratibu na ya dawa yenyewe yalipanda kwa takriban asilimia 12. Sekta ya usafiri wa anga iliwahi kulipa ada kubwa zaidi kwa somo hilohilo. Tangu mwaka 1981, Marekani inawakataza marubani mazungumzo na shughuli zisizohusu urukaji ndege inapokuwa chini ya futi 10,000, isipokuwa ikiwa imekwisha kutulia kwenye kimo chake cha safari. Sasa tazameni mhasibu wenu mwisho wa mwezi. Anaandaa mishahara, kundi la WhatsApp la idara linalia, mkurugenzi anatuma ujumbe wa sauti wa dakika tano wenye maagizo matatu yaliyofichwa katikati ya hadithi, na mlangoni kuna mtu anauliza kama posho za safari zimeiva. Akisahau kumwingiza mtumishi mpya kwenye orodha ya malipo, tunasema hayuko makini. Mpeni saa mbili za kufunga mlango. Na agizo lililotumwa kwa sauti saa nne usiku lisihesabiwe kuwa limepokelewa mpaka liandikwe kazini asubuhi.

Uchovu nao. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye pombe ya kiwango cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu dereva kukivuka. Fanyeni hesabu ya Dar es Salaam. Anayeishi Chanika au Mbagala akiamka saa kumi alfajiri ili awahi daladala, ikifika saa tatu usiku tayari ametimiza saa hizo 17, na saa tatu usiku ndipo maduka makubwa na migahawa hufunga hesabu. Yaani kazi inayotaka kumbukumbu kuliko zote mmeiweka kwenye saa ambayo kichwa kimeishiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na kwa kawaida saa 12 za kupumzika kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Mnaoipindisha ratiba hiyo mnanunua usahaulifu kwa fedha yenu wenyewe.

Najua baadhi yenu mtasema: sisi tuna orodha, tumebandika ukutani, na bado wanasahau. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake lina sehemu mbili. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama katika upasuaji, yenye vipengele 19: mgonjwa ni nani, anapasuliwa wapi, ana mzio wa nini, antibiotiki amepewa, shashi na vifaa vimehesabiwa. Ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi mbalimbali, London na Seattle zikiwamo, na mojawapo ilikuwa hospitali ya St. Francis, Ifakara, hapahapa kwetu mkoani Morogoro. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kwa hospitali zote nane pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Madaktari wale hawakuwa wajinga kabla ya orodha. Walikuwa wanajua kila kipengele. Orodha iliwapa pa kusimama kwa pamoja, wakasoma kwa sauti, wakatajiana majina, na muuguzi akapata ruhusa ya kumwambia daktari bingwa: tusubiri, hatujahesabu.

Sehemu ya pili ya jibu inatoka jimbo la Ontario, Kanada. Serikali iliagiza hospitali zitumie orodha hiyo. Watafiti wakapima hospitali 101 kabla na baada, na mwaka 2014 wakatangaza kwamba vifo na madhara havikupungua kwa kiasi cha kuonekana. Sababu zimebishaniwa, ila aliyewahi kufanya kazi kwenye ofisi zetu haoni ugumu wa kubahatisha moja. Orodha iliyoshuka kutoka juu kama agizo hujazwa kama agizo. Mtu anaweka vema kumi na tisa akiwa amekaa, saa moja baada ya kazi, kwa kalamu moja na mkono mmoja. Nimeona daftari za makabidhiano ya zamu zilizosainiwa wiki nzima kwa wino wa siku moja. Orodha inayofanya kazi ni fupi, imeandikwa na wanaoifanya kazi hiyo, inasomwa mahali kazi inapofanyika, na bosi naye anasomewa. Hiyo ya ukutani, yenye vipengele arobaini na nembo ya kampuni, ni pambo.

Sasa nifike kwa mtu mwenyewe, kama nilivyoahidi.

Yupo anayetumia "nimesahau" kama ngao. Huyu hajifichi sana ukimtazama kwa utulivu. Husahau kujaza ripoti, lakini hajasahau hata mara moja tarehe ya posho. Husahau kazi ngumu, na nyepesi zenye wateja wakarimu anazikumbuka. Husahau zamu ya Jumapili, ila siku yake ya mapumziko anaijua mpaka ya mwezi ujao. Usahaulifu wa kweli hauchagui namna hiyo; humsahaulisha mtu hata yale yanayomfaa, akaacha simu yake kwenye daladala na kusahau ada ya mwanawe mpaka siku ya mwisho. Anayechagua cha kusahau ana tatizo la nidhamu, na hapo barua ya onyo ina mahali pake. Iandikeni bila haya.

Yupo mwingine, na huyu naomba mumtazame kwa jicho tofauti. Ni yule ambaye kwa miaka hakuwa hivyo. Mama aliyekuwa nguzo ya masijala, anajua kila jalada lilipo, ghafla anauliza jambo lilelile mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Sababu zinaweza kuwa upungufu wa damu, hitilafu ya tezi ya shingo, sonona, kukosa usingizi, dawa anazotumia, msiba ambao hajaulilia, mabadiliko ya mwili wa mwanamke ukomo wa hedhi unapokaribia, au maradhi ya ubongo yanayoanza. Msimamizi hana cheti cha kutambua ipi ni ipi. Ana kiti na mlango wa kufunga. Amwite faraghani, amsalimu kama mtu na mtu, amwambie alichokiona bila kumhukumu, kisha ampe nafasi ya kwenda hospitali. Kumwanika kwenye kikao cha Jumatatu mbele ya vijana aliowafundisha kazi ni ukatili, hata kama mmeuita uwajibikaji.

Kwa wote waliobaki kati ya hawa wawili, ambao ndio wengi, sheria yenyewe imewatangulia. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinatenganisha utovu wa nidhamu na utendaji duni. Kwenye utendaji duni zinamtaka mwajiri aangalie kama mfanyakazi alikijua kiwango anachotakiwa kufikia, kama kiwango hicho kinawezekana, kwa nini hakukifikia, na kama alipewa maelekezo na muda wa kutosha wa kujirekebisha. Mwajiri anayeruka hatua hizo akamfukuza mtu kwa "uzembe", ajiandae kueleza mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na kwa wenye maduka na vituo vya mafuta mnaokata mishahara kila kitu kikipotea: sheria inadai hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, apewe kwa maandishi chanzo na kiasi, apate nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Kuwakata wote waliokuwa zamu kwa sababu mmoja alisahau kufunga bomba hakumo.

Ombi langu kwenu ni dogo na linatekelezeka wiki hii. Kabla ya kusaini barua nyingine ya onyo kwa kosa la kusahau, mtakeni msimamizi aambatishe ukurasa mmoja unaosema agizo lilitolewa lini na kwa njia gani, ni kitu gani kilikuwapo pale kazini cha kumkumbusha mhusika, alikuwa ameshakaa kazini saa ngapi, alikatizwa na nani, na ni watu wangapi wengine waliwahi kusahau jambo hilohilo mahali hapohapo. Ikiwa watatu wamelisahau kabla yake, badilisheni kazi kwanza, mtu baadaye. Ikiwa msimamizi hawezi kuujaza ukurasa huo, barua irudi mezani kwake, na yeye ndiye aitwe kujieleza.

Wenu katika kazi,

Ofisa utumishi mstaafu,
Dar es Salaam